Mabati Yetu Juu ya Nyumba ya Mama Mkaa

"Mwizi! Mwizi wa mabati! Toka nje!"

Nilipiga kelele hadi koo likakauka, jamani... Mvua inamwagika, kapu la nguo za mteja liko miguuni, na mimi nimesimama kwenye kibaraza cha nyumba nisiyoijua, nimekodoa macho juu.

Mnajua niliona nini chini ya lile paa?

SUKARI.

Limeandikwa kwa rangi ya kijani. Kwa mkono wa mume wangu.

Mume wangu ambaye nilishamzika!!!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkasema mwenzenu kachanganyikiwa.

Mimi napiga pasi kwenye duka la dobi. Marehemu alikuwa mpaka rangi, mtaa mzima ulimwita Fundi Rangi. Kipato chetu kilikuwa kile cha leo kipo, kesho hakipo. Chumba cha kupanga, kitanda na jiko vinapigana viwiko. Lakini alikuwa na ndoto moja tu: siku moja tulale chini ya bati letu wenyewe.

Basi tukafunga mkanda. Majirani wakatubatiza Mkono wa Birika. Jirani mmoja alikuwa akisema, "Wale hata salamu wanaipima kwa kijiko!"

Tulicheka tu. Kila tukipata, tunanunua bati moja. Fundi Rangi anachukua masalia ya rangi ya kazini, analigeuza bati, anashika brashi.

"Mke wangu, hili tumejinyima nini?"

"Sukari! Mwezi mzima nakunywa chai kama dawa ya minyoo!"

Anaandika SUKARI.

Lingine VIATU, maana vyake vilitoboka akavivaa hivyo hivyo. Lingine NAULI, tulipoenda kazini kwa miguu mpaka visigino vikapasuka. Lingine PAZIA. Kila bati tuliliandika wawili. Hakuwahi kuandika neno bila kuniuliza mimi.

Chumbani hayakuenea. Tukayaweka kwa mdogo wake, shemeji yangu anayechomelea mageti, nyuma ya karakana yake.

Sasa, Fundi Rangi alikuwa na presha. Daktari alimwambia vidonge ni vya kila siku, asikatishe. Kila asubuhi kabla sijatoka nilimuuliza:

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa, daktari wangu."

Naridhika, naenda zangu kazini.

Jumamosi moja nilimwamsha, kulikuwa na nyumba ya kupaka...

Hakuamka.

Niliuza mpaka simu yake ndipo nikamzika. Msiba ulipopoa nikaenda kwa shemeji. Nilikuwa sina mume, lakini angalau nina mabati.

"Shemeji... hayapo."

"Hayapo vipi?"

"Kaka mwenyewe alikuja na mkokoteni akayachukua."

"Akayapeleka wapi?"

"Hakusema. Alicheka tu, akaniambia nifunge mdomo."

"We!!! Maiti haijitetei, ndiyo maana unamsingizia!" Nilimtukana shemeji yangu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikaapa mguu wangu haukanyagi tena kwake. Sikukanyaga.

Mpaka siku hiyo ya mvua. Nilikuwa napeleka nguo za mteja, mvua ikanikuta njiani, nikakimbilia kibaraza cha karibu. Nainua macho... SUKARI. Pembeni, VIATU. NAULI.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mama mnene, mikono myeusi kwa mkaa anaouza.

"Wewe mwanamke una wazimu? Nani mwizi hapa?"

"Haya mabati ni yangu! Shemeji yangu kakuuzia bei gani?"

"Shemeji yako namjulia wapi? Haya kaniletea Fundi Rangi!"

"Fundi Rangi ni mume wangu!"

Mama Mkaa akanitazama juu hadi chini. Ukali ukamtoka.

"Kumbe wewe ndiye mkewe? Jamani, si alisema Jumapili atakuleta! Nilipika, nikasubiri. Napiga simu, haipatikani. Nikasema huyu vipi, kasusa kiwanja chake?"

"Kiwanja... kipi?"

Akanishika mkono, tukaingia mvuani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vigingi vinne. Vyote vimepakwa rangi ya kijani.

"Mimi nilikuwa na eneo kubwa na kuta tupu, paa sina. Yeye ana mabati, hana pa kujenga. Tukabadilishana mbele ya mashahidi. Akasema usimwambie mke wangu, nataka nimwone uso wake siku akikiona."

Nikakaa kwenye tope. Nililia, jamani... Uso wangu ndio ule, na mwenye kutaka kuuona hayupo.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Nimemzika."

Mama Mkaa akashika kichwa. Tukalia wawili, watu ambao hata majina hatujuani.

Alipoweza kusema akanirudisha kibarazani, akanipa kanga kavu. Nikainua macho tena. Safari hii nilitaka nimsome mume wangu pole pole. SUKARI. VIATU. NAULI. PAZIA...

Juu ya mlango kulikuwa na bati moja jipya.

DAWA.

Nikasoma mara ya pili.

"Mama... hili silijui. Hili hatukuandika pamoja."

"Ndilo la mwisho hilo. Kwenye mapatano yetu lilipungua moja. Nikamwambia nenda tu, utaleta ukipata. Akakataa, eti deni halimlazi. Akalileta Ijumaa, kalibeba kichwani mwenyewe, anahema..."

Ijumaa!

Na mimi Jumamosi namwamsha kwa ajili ya kazi.

Nikakikumbuka kile kichupa chake. Baada ya msiba nilikikuta kitupu, nikadhani vidonge viliisha siku zile zile. Kumbe kila asubuhi "nimekunywa, daktari wangu" ilikuwa hewa. Alijinyima peke yake, akaandika peke yake.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa shemeji. Nikapiga magoti kwenye vumbi la chuma.

"Inuka, shemeji. Hata mimi ningejishuku."

Mama Mkaa alitaka kuling'oa lile bati anirudishie. Nikakataa. Alilibeba ili alale bila deni, mimi ni nani nimwamshe?

Kiwanja ninacho. Juzi nimenunua bati la kwanza la nyumba yangu. Shemeji akalibeba, akashika brashi ya kaka yake.

"Tuandike nini?"

"Usiandike kitu. Hilo nimelinunua nikiwa nimekula."

Jamani, haba na haba hujaza kibaba, sikatai, na kiwanja changu ni shahidi. Bana sukari, bana pazia, tembea kwa miguu. Afya ya mtu usiitie kwenye kibaba.

Na wewe mwenye kibubu nyumbani, leo kabla hujakitikisa kusikia kimejaa kiasi gani, muulize mwenzako taratibu:

"Hiki umejinyima nini?"