Kichwa Kilichoinama Jioni

Kila asubuhi Vestine alilima maharagwe yake huko kijijini Ngungu akiwa mzima kabisa. Lakini jua likipita utosini, shingo ilianza kulegea. Jioni kidevu kiligusa kifua. Ili aweze kutafuna, alikishikilia kwa mkono.

Majirani walisema mengi. Wengine walilaumu mizigo aliyobeba mgongoni kwa kamba iliyopita kipajini. Wengine walinong'ona kwamba amelogwa.

"Kama ni ulozi," Vestine alimwambia mumewe, Marcellin, "mbona asubuhi iko inaniacha? Ulozi nayo inapumuzikaka?"

Siku Vestine alipokunywa uji ukamtokea puani, Marcellin aliogopa. Mchana huohuo alimpeleka kwenye kituo cha afya, kwa muuguzi Faustin.

"Mama, shingo inauma?" Faustin aliuliza.

"Hapana. Inachoka tu. Nikipumuzika, nguvu inarudia. Na hii jicho ya kushoto inajifungaka yenyewe."

Faustin alimtazama kwa makini. Alifungua friji ya chanjo, akatoa barafu, akaifunga kwa kitambaa. Akaiweka juu ya kope iliyoanguka, akahesabu dakika mbili. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi.

"Yee! Barafu njo dawa?" Marcellin alishangaa.

"Hapana, Papa. Inatuonyesha tu ni ugonjwa gani, juu baridi inarudishiaka misuli nguvu kidogo. Ubongo inatumaka habari kwa misuli. Walinzi wa mwili, wale wanapiganaka na magonjwa, wamekosea. Wanafunga njia ya ile habari. Mama akitumika sana kwa shamba, misuli inachoka mbio. Ni ugonjwa, haiko ulozi. Munganga wa hospitali kule Goma njo atahakikisha."

Wakasafiri hadi hospitali ya Goma. Daktari, Mama Chantal, alimpima Vestine, akathibitisha. Ugonjwa unaitwa miasteni. Alimpa vidonge vya kumeza mara kadhaa kwa siku, na dawa nyingine ya kuwatuliza walinzi wale.

"Usiache dawa hata ukijisikia muzuri," alisema. "Ukishindwa kumeza ao kupumua, usingoje kesho. Kimbia hospitali. Na ukipata malaria, wasikupe dawa ya kinini."

"Juu ya nini?" Vestine aliuliza.

"Kinini inaweza kulegeza misuli yako zaidi. Kuna dawa zingine za malaria. Nimeandika yote hapa. Kila muuguzi umuonyeshe hii kartasi mbele ya kukutunza."

Vestine alimwomba amsomee karatasi hiyo mara mbili, mpaka akaikariri.

Wiki ya kwanza, kichwa bado kiliinama saa za jioni, ila kidogo. Vestine alilima asubuhi, akapumzika adhuhuri, akameza vidonge kwa saa zake.

Mwezi wa pili wa dawa, alasiri moja, Marcellin alimwita kutoka shamba la juu mlimani. Vestine aliinua kichwa bila kukishikilia, akamtazama moja kwa moja.

"Unasema nini, Papa?"

Marcellin alisimama na jembe mkononi, akicheka. Alikuwa amesahau alichotaka kusema.