Jina la Sita

Maneno yalianzia mahali pa kufulia nguo, barabara ya Vine, mjini Kissimmee, na Yadira Maldonado akashindwa kuyatoa kichwani. Kuna mtoto, walisema, anaitwa Abril. Hana mama wala baba. Unafungua simu asubuhi uwawekee watoto wako nafasi za michezo kule bustani ya burudani ya Lake Ansel, unahesabu majina ya familia yako, unakuta limezidi moja. Abril, miaka minne. Wewe hukumwandika. Na usimfute, walisema, maana mama mmoja wa mji wa jirani, Poinciana, alimfuta, na siku hiyohiyo Abril alikuja kuchukua mahali pa mtoto wake.

Alhamisi Yadira alifungua simu akayahesabu majina. Yeye mwenyewe. Mama yake, Bibi Providencia. Binti yake Iliana, miaka kumi na moja. Mwanawe Gadiel, miaka minne. Wifi yake Maribel. Na la sita: Abril.

Hakulifuta.

Jumamosi walikwenda Lake Ansel hivyohivyo, maana nafasi zilishawekwa, na siku hizi usipoweka mapema utasimama kwenye foleni mpaka watoto walale miguuni mwako. Nafasi hufunguliwa kwenye simu saa moja kamili asubuhi. Ikifika saa moja na dakika tano, nafasi nzuri zimekwisha. Saa hiyo Yadira huwa hotelini anatandika vitanda vya watu, kwa hiyo alimpa wifi yake neno la siri amwekee. Hapa kwetu nani hafanyi hivyo?

Nafasi yao ya kwanza ilikuwa Nyumba ya Ukungu, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Gadiel alikuwa mfupi mno kwa mchezo huo, basi akabaki nje na bibi yake, ndani ya kigari chake cha kusukuma. Yadira, Iliana na Maribel waligusisha bangili zao za tiketi kwenye mashine ya mlangoni.

Saa nne na dakika arobaini na sita Bibi Providencia aligeuka kutoka bombani na chupa ya maji mkononi. Bomba lilikuwa hatua sita tu. Kigari hakikuwepo.

Alikikuta mwisho wa safu ya vigari vya watu wengine, kimepangwa vizuri, magurudumu yamenyooka. Kitupu. Bangili ya Gadiel ilikuwa imefungwa kwenye mpini, kitanzi kimebana, kama vile mkono wa mtoto umeyeyuka ukaiacha. Ukungu wa mashine ulikuwa ukimwagika kutoka kwenye ile nyumba, ukipita chini ya magurudumu. Bibi akapiga ukelele watu wakadhani ni sehemu ya mchezo. Wengine walicheka.

Saa nne na dakika hamsini na tatu mageti yote yakawekwa walinzi. Kutoka pale hadi geti la karibu ni mwendo wa robo saa kwa mtu aliyebeba mtoto, kwa hiyo yeyote aliyekuwa na Gadiel alikuwa bado ndani. Hilo ndilo lililomfanya Sajini Lucretia Tillman, wa ofisi ya sherifu, yaani polisi wa wilaya, asikae chini hata mara moja. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na alikuwa amelinda bustani ile miaka tisa.

Yadira na binti yake walitoka mle ndani saa tano na dakika tano, wakiwa wanacheka. Maribel alikuwa nyuma yao, kwenye duka la vinyago ambalo kila mtu hupitia akitoka. Dakika kumi baadaye wote walikuwa kwenye kichumba nyuma ya duka hilo.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Bwana Purvis, mzee anayepanga vigari.

"Wewe ndiye uliyekisogeza?"

"Ndiyo, Sajini. Kazi yangu hiyo. Kikikaa katikati ya njia nakipeleka kwenye safu."

"Kilikuwa na mtoto?"

"Kitupu. Ningesukuma mtoto wa mtu mimi? Nilitazama saa, ilikuwa nne na dakika arobaini na tano, nasubiri chai yangu."

Maribel akadakia kutoka kwenye kona. "Huyu mzee tangu tumefika anawabandika watoto picha za vyura. Mimi sikumpenda. Muulizeni mifukoni ana nini!"

"Nina vyura," alisema Bwana Purvis, akatoa karatasi ya picha. "Miaka kumi na minne nagawa vyura, mama. Leo nimekuwa mwizi?"

Sajini alimwacha akae. Akamgeukia bibi.

"Mama, Gadiel akibebwa na mtu asiyemjua hufanyaje?"

"Hulia mpaka mtaa wa pili wasikie. Hata kinyozi anamjua."

"Na ulisikia kilio?"

Bibi Providencia alitikisa kichwa. "Sikusikia kitu. Ningesikia. Naapa ningesikia, sikio langu moja tu ndilo bovu."

"Mama, acha," alisema Yadira. "Hakuna anayekulaumu."

"Mimi najilaumu! Maji! Maji ya nini?"

"Yadira," Sajini akasema, "nani angemtaka mtoto huyu?"

Yadira hakufikiri. "Baba yake, Eliezer. Mwaka jana alimchukua siku tatu, wakamkuta naye mji wa Jacksonville. Mahakama ikamkataza kumkaribia. Alisema safari ijayo sitamwona tena mwanangu."

"Lakini mtoto hajamwona baba yake mwaka mzima. Angelia."

"Angelia, ndiyo."

"Na Eliezer angejuaje mko hapa, mlango huu, dakika hii?"

"Hajui. Tulihama. Hata namba yangu ya simu hana."

Sajini alichukua kompyuta ndogo ya bustani akaisoma. Saa nne na dakika arobaini: Yadira, ameingia. Iliana, ameingia. Maribel, ameingia. Basi kina mama wote wawili walikuwa gizani muda ule.

"Mlikaa pamoja?"

"Behewa linachukua wawili," alisema Yadira. "Mimi na Iliana. Wifi alikuwa la nyuma."

"Ulimwona?"

"Mle humwoni mtu, Sajini. Ni ukungu na giza, hata picha hawapigi. Lakini tulitoka naye."

"Nilikuwa nyuma yao," alisema Maribel. "Mashine si hiyo inasema? Badala ya kumtafuta mtoto mnanihesabu mimi. Kazi nzuri!"

Sajini alikuwa amekaza macho kwenye orodha ya familia. "Huyu Abril ni nani?"

Iliana akamshika mama yake mkono. Yadira alieleza kwa sauti ya chini, akiona haya, habari za pale mahali pa kufulia, na yule mama wa Poinciana, na kwa nini hakulifuta jina.

Sajini hakucheka. "Yeyote aliye kwenye orodha yako anaona mipango yako yote. Mchezo gani, mlango gani, saa ngapi. Abril anaona. Na mzazi aliyemwandikisha Abril anaona kwenye simu yake. Haya maneno ulisikia kwa nani?"

"Kwa wote. Kila mtu anasema."

"Wa kwanza. Aliyekuambia kabla ya wote."

Yadira akageuza shingo polepole kuelekea kona aliyokaa Maribel.

Hapo ndipo simu yake ilipolia. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na moja. Kwenye kioo yaliandikwa maneno yenye nyota za rangi:

*Abril amepokelewa Mto wa Popo. Safari njema, Abril!*

Bibi Providencia akapiga ishara ya msalaba. Yadira aliitupa simu mezani kana kwamba imemuuma.

"Mzuka haugusishi bangili," alisema Sajini, tayari yuko mlangoni. "Mchezo wa Mto wa Popo una dakika kumi na mbili ndani na mlango mmoja wa kutokea. Twendeni. Wewe pia, Maribel."

Njiani alisimama kidogo kwenye Nyumba ya Ukungu. Mlangoni alikuwepo msichana wa kazi, Keturah, amevaa joho la kijivu la mchezo.

"Mwanangu, familia yenye mtoto mfupi hufanyaje hapa?"

"Wanapokezana, Sajini. Mmoja anabaki na mtoto, wengine wakitoka na yeye anapanda bila foleni."

"Huyo anayebaki anagusisha bangili lini?"

"Palepale, pamoja na wenzake. Halafu namwandikia zamu yake ya baadaye, anarudi nje."

"Kwa hiyo mashine inamwandika vipi?"

Keturah akashangaa swali. "Inamwandika ameingia. Mashine haijui nani amekaa kwenye behewa."

"Na leo, saa nne na arobaini?"

Msichana akamtazama Maribel, kisha akatazama chini. "Huyu mama aliniomba zamu ya kupokezana. Wenzake walikuwa wameshatangulia, binti anamvuta mama yake mkono. Akasema, mimi nabaki na mtoto."

"Uongo!" alisema Maribel.

Kwenye mlango wa kutokea wa Mto wa Popo palikuwa na baridi ya pango, na maji meusi yakigonga ukuta. Mashua zilikuwa zikitoka moja moja ndani ya ukungu. Ya kwanza, wazee wawili. Ya pili, tupu. Askari wanne walisimama ukingoni. Mashua ya tatu ilitokeza pua yake, halafu kitu cheupe.

Alikuwa mtoto mdogo aliyevaa gauni jeupe lenye kofia, uso hauonekani, amekaa wima bila kutikisika. Nyuma yake mwanamume. Iliana akajificha mgongoni kwa mama yake. "Ni yeye," alinong'ona. "Ni Abril."

Yadira naye, kwa pumzi moja, aliamini. Kisha yule mtoto akapiga chafya, mara tatu mfululizo, kama anavyopiga mtu mmoja tu duniani. Yadira aliruka majini mpaka magotini.

"Gadiel! Gadi! Mama yuko hapa!"

Eliezer hakupigana. Aliinua mikono, akamtafuta dada yake kwa macho juu ya vichwa vya askari. Mbele ya mtazamo ule Maribel hakuwa na pa kwenda.

"Nipe simu yako," Sajini alimwambia Maribel. Ilikuwepo humo: zamu ya kupokezana, Nyumba ya Ukungu, imetolewa saa nne na dakika arobaini, haijatumika.

"Ulitoka, ukamnyanyua, naye hakulia kwa sababu anakupenda. Bangili ukaiacha kwenye mpini ili tusimfuate nayo. Ukamkabidhi kwa baba yake, ukabaki hapo mpaka akatulia, mkambadilisha nguo, mkamvika bangili ya Abril. Halafu ukaingia dukani kwa mlango wa barabarani, ukawasubiri wenzako."

"Na kama bibi asingekwenda bombani?" Yadira aliuliza. Alikuwa ameketi chini, mtoto kifuani.

"Ningemwambia nampeleka chooni," alisema Maribel. "Angenipa. Kila siku ananipa." Akaanza kulia. "Yadira, ni kaka yangu. Kila Jumapili ananipigia simu analia. Alisema saa moja tu amwone mwanawe, saa moja, halafu nimrudishe. Ndiyo nikamwandikisha Abril kwenye simu yake, ili aone mko wapi. Nikajua utaliona jina, utalifuta. Nikaleta yale maneno ili uogope kulifuta."

"Bangili ya Gadiel uliiacha ya nini, kama ungemrudisha baada ya saa moja?" Sajini akauliza.

Maribel alijifuta machozi kwa kiganja.

"Mageti yalipofungwa mkaogopa," Sajini akamwambia Eliezer. "Foleni zimejaa walinzi. Ukatumia nafasi ya Abril kujificha gizani. Hukujua kwamba simu ya mama inapokea taarifa za kila jina." Mmoja wa askari akamnong'oneza jambo. Sajini akaitikia, kisha akamwambia Maribel, bila ukali: "Kwenye gari la kaka yako kuna sanduku la nguo za mtoto. Na tiketi mbili za ndege ya kwenda Santo Domingo, nje ya nchi, leo saa tisa mchana. Ilikuwa saa moja ya aina gani hiyo?"

Maribel alimgeukia kaka yake. "Eli? Eli, niambie si kweli."

Eliezer alitazama maji.

Wiki mbili nzima Gadiel hakuitikia jina lake mpaka aitwe mara ya pili. Akioga alimuuliza mama yake kama Abril amebaki kwenye mashua peke yake, na kama anaogopa. Yadira alimwambia Abril hayupo. Mtoto akasema yupo, baba alisema ni mimi.

Kwa hiyo wewe mama unayesoma, yashike haya:

Usimpe mtu neno lako la siri, hata kama ni ndugu na ana moyo mzuri.

Usiache kwenye orodha yako jina usilolijua. Lifute. Likirudi, nenda ofisi ya bustani ukaulize nani analirudisha.

Usitangaze kwa marafiki mtakuwa mchezo gani na saa ngapi.

Usidhani bangili ni mtoto. Bangili hufunguka.

Usisambaze maneno ya kutisha kabla hujauliza yametoka kwa nani.

Usimwache bibi peke yake na mtoto kwenye umati. Wawe wawili, au asubiri ndani ya duka, mgongo ukutani.

Usiingie kwenye mchezo wowote kabla hujamwona kwa macho yako aliyekaa nyuma yako.