Wagonjwa wa Zahanati ya Juu

Asubuhi hiyo Caren alipitisha kitambaa cha vumbi kwenye benchi la wagonjwa, mkono wake ukagusa ubao, akaukuta una joto. Hapakuwa na mtu. Mlango alikuwa ameufungua mwenyewe muda huo huo, na funguo bado alikuwa nazo mkononi.

Sasa joto la benchi ni kitu gani cha kumtisha muuguzi mzima? Akalifuta, akaenda zake kupanga dawa. Ila benchi lenyewe lilikuwa halikaliwi. Mheshimiwa mmoja alitaka zahanati ionekane kutoka barabara ya Kendu Bay, ikapandishwa kilimani kusiko na maji wala njia ya maana. Mgonjwa akipanda pale anafika na ugonjwa wa pili. Watu wakaiita Ya Juu, wakaendelea kutibiwa Ya Chini, karibu na ziwa, ambako kulikuwa na mkunga waliyemzoea.

Miaka hiyo ya tisini serikali ilikuwa inabana matumizi. Maofisa walizunguka kuangalia kama kila zahanati inafanya kazi inayolingana na pesa inazokula. Isiyo na watu ifungwe, wafanyakazi waende nyumbani. Caren aliposikia hayo alikosa usingizi. Mshahara wake ndio uliomlisha mdogo wake Kezia, aliyefiwa na mume akiwa mjamzito, baada ya mimba mbili kuharibika. Hii ya tatu dada hao waliilinda kama yai.

Ujanja ulijulikana: mgeni wa serikali akija, unaazima watu wakujazie benchi. Caren alipita nyumba kwa nyumba, lakini ulikuwa msimu wa kupanda, watu wote wako shambani. Jioni ya kuamkia ukaguzi akasimama katikati ya chumba kitupu, akapayuka, nusu utani nusu kilio: “Biuru uduto! Njooni nyote, yeyote anayesikia! Nitawahudumia!”

Hakuna aliyeitika. Alifunga mlango akaenda zake, na kulipokucha ndipo akalikuta benchi lina joto.

Mchana Zablon, ofisa kutoka Homa Bay, alisimama mlangoni na kalamu yake, akatabasamu.

“Sista, leo umejaza! Kumbe hii dispensari yako iko na kazi hivi?”

Caren akaangalia benchi. Halikuwa na mtu. Alidhani anachezewa, kisha akamwona Zablon akigeuza bega kupenya mahali peupe, akisema, “Pole mama, nipite,” akiruka kwa uangalifu miguu ya mtu asiyekuwepo, na hapo harufu ikamfikia, harufu ya tope la ziwani na magugu yaliyooza, ndani ya chumba kisicho hata na ndoo ya maji, na mtu akakohoa karibu kabisa na sikio lake, na yeye, Mungu amsamehe, akanyamaza kwa sababu aliihitaji kazi.

Tangu siku hiyo hawakuondoka. Hakuwaona hata mara moja. Aliwasikia wakikohoa, wakiburuta kandambili, wakinong'onezana. Akamwita Maalim Mohamednur, mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini ambaye watu walimtegemea kwa mambo kama hayo. Maalim alifukiza ubani, akasoma, sauti ikaanza kukatika, akatoka nje kanzu imelowa jasho.

“Dada, nimewaamuru watoke,” alisema kwa sauti ya chini. “Wanasema wao hawakuvamia. Waliitwa.”

“Sasa nifanye nini, Maalim?”

“Funga. Usifungue tena kabisa. Wakikosa mwenyeji watatawanyika.”

“Lakini nyumba ni ya serikali.”

“Basi iombe serikali.”

Caren akaenda Homa Bay kumwona Zablon, ambaye alimkaribisha kwa furaha. Ripoti ilikuwa imeshakwenda Nairobi, na Ya Juu ndiyo ilisifiwa kuliko zote. Siku Ya Chini ilipokaguliwa mkunga alikuwa matangani na benchi lilikuwa tupu, kwa hiyo ilifungwa. Kitanda cha kuzalia na dawa zote zingehamishiwa kwake.

“Ile ifunguliwe, yangu ifungwe,” Caren alisihi. “Wale uliowaona si watu.”

Zablon alicheka, kisha akaacha. Akausukuma mlango wa ofisi ukajifunga.

“Hata mimi nilishangaa,” alinong'ona. “Nilisalimia, hakuna mtu alinijibu. Lakini walikuwa wamejaa, sista. Niandike nini tena? Hiyo maneno imeshapita mikono yangu.”

Mvua kubwa zikakata barabara ya hospitali, na katikati yake uchungu ukamshika Kezia. Caren alitaka amzalishe nyumbani. Ila damu ilianza kutoka kabla ya wakati, na dawa ya kuizuia ilikuwa kilimani tu. Majirani wakambeba Kezia kwenye kitanda cha kamba hadi barazani, wakaishia hapo. Hakuna aliyekubali kuvuka mlango ule. Caren akamshika mdogo wake kwapani wakaingia.

“Caren,” Kezia alisema, akihema, “waambie wanipishe. Mbona wamejaa hivi?”

Caren alipapasa njia hadi kitandani, akamchoma sindano, akaomba na kufanya kazi kwa pamoja. Nyuma yake kikohozi kilikoma, minong'ono ikakoma, chumba kizima kikawa kinasikiliza. Mtoto akatoka, mzima, wa kike, akalia. Damu ikapungua. Caren akamlaza kifuani pa mamake, akageuka mara moja tu kuchukua shuka.

Alipogeuka tena mtoto alikuwa hewani juu ya benchi, akienda polepole kuelekea mlangoni, akitulia kidogo kila mahali ambapo paja la mtu lingekuwa, kama mtoto mchanga anavyopitishwa kwa wamama waliokuja kumwona. Caren alimrukia, akagongana na vifua vya baridi vilivyolowa maji, vikamrudisha nyuma bila nguvu wala haraka. Alipiga mayowe, na majirani barazani wakakimbia.

Kezia alikuwa amelala akitabasamu, machozi ya furaha yakimtiririka.

“Wamama wa watu, angalia wanavyompenda,” alisema. “Waambie sasa wamrudishe, Caren. Anataka kunyonya.”