Kifo cha Balozi Romani

Mzee Romani, balozi wa nyumba kumi, alikutwa asubuhi chumbani kwake Mtoni amelala kifudifudi, kisogo kimebonyea. Damu ilikuwa imegandia kwenye mkeka.

Inspekta Ansbert alisimama mlangoni, jasho likimtoka. Nyumbani kwake, uvunguni mwa kitanda, alikuwa ameficha shati. Alipoamka alilikuta lina damu, na mwilini mwake hamkuwa na hata mkwaruzo.

Tangu amzike mkewe Kokuberwa, Ansbert, mkuu wa kituo kidogo cha polisi, alikuwa akinywa gongo kwenye baraza ya Romani. Jana jioni alikunywa pia. Alikumbuka Romani akicheka, kisha yeye mwenyewe akiinuka kwa hasira. Baada ya hapo, hakukumbuka kitu.

"Afande," alisema Sajini Fakihi, "jirani alisikia ugomvi jana usiku. Anasema balozi alikuwa na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hakumwona."

Daktari aliyekuwa akichunguza maiti akainua kichwa.

"Amepigwa mara moja, kwa kitu kizito cha mviringo. Si chuma. Nadhani ni mti."

"Tuna yule mzururaji mahabusu," Fakihi alinong'ona. "Tulimkamata alfajiri karibu na hapa. Tumbane kidogo?"

Ingekuwa rahisi. Mtu hana kazi wala ndugu, nani angemtetea? Ansbert alihisi neno "mbane" likimfika ulimini.

"Mwacheni," akasema. "Tupekue nyumba kwanza."

Uani palikuwa na mpangaji mmoja tu, Rosalia, mwanamke wa Kimakonde. Alikuwa akichambua mchicha. Aliwaamkia bila kuinua macho.

"Jana ulisikia nini?" Ansbert alimuuliza.

"Nililala mapema."

"Umetwanga leo?" aliuliza, akitazama kinu kilichokuwa pale uani.

"Nitwange nini, na mahindi hakuna?"

Ansbert aliinama kwenye kinu. Ndani mlikuwa na vumbi na utando wa buibui. Mchi uliosimamishwa ukutani ulikuwa umelowa kuanzia juu hadi chini, na umesuguliwa kwa mchanga.

"Mbona umeosha mchi, kinu ukakiacha?"

Mikono ya Rosalia ikasimama. Fakihi akasogea.

"Rosalia, si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa," alionya Ansbert.

"Liandikwe," alisema. Sasa alimtazama Inspekta usoni. "Unamkumbuka Kasiani?"

Ansbert alitikisa kichwa kukana.

"Mdogo wangu. Mchonga vinyago. Alimwona Romani akitoa sukari ya duka la ushirika kwa mlango wa nyuma, akasema hadharani. Wiki haikuisha, Romani akaleta polisi wa msako wa wazururaji, akasema kijana huyu mzururaji, apelekwe kijijini akalime. Kasiani akawaonyesha patasi zake. Mkampandisha lori hivyo hivyo. Alikufa kwa homa huko Rufiji, zahanati haijajengwa."

"Nani alimpandisha?" aliuliza Ansbert, ingawa moyo ulikwisha kumjibu.

"Wewe. Ulimshika ukosi."

Fakihi aliacha kuandika.

"Jana Romani alilewa," Rosalia aliendelea. "Akakusimulia, anacheka, jinsi alivyomkomesha. Ulisimama ukamtukana, nikadhani utamkamata. Ukakaa tena ukanywa. Akaingia ndani kulala. Nikachukua mchi."

"Na damu kwenye shati langu?"

"Nilitoka na mchi nikupige na wewe. Ulikuwa umelala barazani, unalia usingizini kama mtoto, unamwita mwanamke. Nikashindwa. Nikakushika shati nikuamshe, uone tulichofanya. Ulifumbua macho, ukanyanyuka, ukaenda zako."

Rosalia alifuta mikono kwenye kanga, akainyoosha mbele. Fakihi alitazama pingu, kisha akamtazama mkuu wake.

"Afande, habari ya shati na ya lori si lazima tuiandike. Mie sijasikia."

Ansbert alivua kofia. Kujua kwamba hakuua hakukumpa nafuu aliyoitarajia.

"Andika yote, Fakihi. Ukimaliza maelezo yake, chukua karatasi nyingine."

"Ya nani, afande?"

"Yangu. Anza na sukari, kisha lori, kisha shati."