Mkate wa Kufutia

Sakafu ilikuwa safi mno. Masizi alisimama mlangoni mwa chumba chake cha kuchorea, ufagio mkononi, akatafuta makombo ya mkate, meusi kwa makaa, aliyoyaacha jana chini ya meza. Hakuona hata chembe. Akawashukuru panya, halafu akajiuliza tangu lini panya wanakula makaa.

Majirani walimpa jina hilo kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Alichora wanawake tu, kwa vijiti vya makaa, kwenye karatasi ndefu kama mlango. Walimjia wenyewe, wakakaa kwenye kiti, wakasema yale ambayo hata mama zao hawakuambiwa, naye akachora: jicho lililovimba, jino lililong'olewa kwa ngumi, tumbo lililobeba mara nne na kuleta mtoto mmoja. Akikosea alifuta kwa mkate laini, maana mkate hunyonya makaa bila kukwaruza karatasi.

Juzi yake mwenye ukumbi wa maonyesho alikuja kukagua picha. Alizunguka, akaguna, akakuna kidevu.

"Dada, mkono unao. Lakini nani atatundika jicho hilo sebuleni kwake? Futa hizo alama. Huzuni acha, huzuni inauzika."

Masizi alikuwa amengojea maonyesho hayo mpaka nywele zikaanza mvi. Alinunua mikate, akafuta siku nzima. Alifuta pengo la jino la dobi aliyemfulia shuka. Mwisho akafuta mgongo wa binti yake, kitinda mimba, aliyerudi nyumbani miezi miwili nyuma akitembea kwa kuinama. Daktari alisema wazi kwamba figo zile hazitastahimili kipigo kingine. Binti akaapa harudi tena kwa mumewe, na mama mtu tangu siku hiyo akawa analala usingizi.

Mchana wa siku ile ya sakafu safi dobi akaleta shuka, anaimba.

"Umefurahi leo," Masizi alisema.

"Nimerudiana na baba watoto. Sijui hata tuligombania nini."

"Hujui? Si alikung'oa jino!"

"Nani? Mume wangu hajawahi kuniinulia mkono." Dobi alipitisha ulimi kwenye pengo lake, akashtuka kidogo, kisha akacheka. "Wewe, makaa yamekupanda kichwani."

Masizi aliingia ndani kwenda kuzitazama picha, jua likiwa la utosini na dirisha wazi, na hapo ndipo alipolisikia, chini ya meza, tafuno la polepole la mtu asiye na haraka na mlo wake, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani, naye akainama ingawa kila kiungo kilimwambia asiiname, akamwona mwanamke amekaa magoti kifuani, mweusi wa masizi kuanzia utosini hadi kwenye kwato, jicho moja limevimba vilevile alivyolichora yeye, mdomo una pengo la dobi, na makombo yamemjaa kiganjani.

"Mtamu," likasema jini, kwa sauti ya chini kama ya mgonjwa. "Ule wa mwisho ulikuwa mtamu zaidi. Ongeza."

Masizi alikimbilia chumba cha binti yake. Alimkuta anapiga pasi gauni, begi limefunguliwa kitandani.

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Kwangu. Mume wangu atakuwa ananisubiri."

"Na mgongo wako?"

"Mgongo una nini, mama?" Aligeuka, akapandisha blauzi. Ngozi ilikuwa imepona kwa miezi ile miwili, laini kabisa. Masizi alimweleza kila kitu, hospitali, daktari, figo, na binti akamsikiliza kwa upole hadi mwisho. "Mama, usimsingizie mtoto wa watu. Ni dhambi."

Mchuma janga hula na wa kwao. Masizi alimpigia simu shangazi yake, aliyewatibu watu wenye majini tangu ujana wake. Bibi yule alifika anahema, akanusa hewa, akakaa mbali na meza.

"Nilikwambia uchore maua," alisema. Kisha akashusha sauti. "Linakula uchungu wa watu, na aliyeliwa uchungu wake hakumbuki tena kilichomuuma. Umelilisha kwa mkono wako, utalitapisha kwa mkono wako. Rudisha kila alama palepale ilipokuwa mwilini mwa mwenyewe. Si karibu na hapo. Palepale."

Masizi akashika makaa. Alirudisha jicho, na chini ya meza kitu kikakohoa. Alirudisha pengo, kitu kikatapika, na uani dobi akatoa ukelele, "Uwii, jino langu! Kwake sirudi!" Masizi alichora haraka, machozi yanamtiririka kwa furaha, mwanamke mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki karatasi ya binti yake. Mkono ukakwama hewani.

"Chora," shangazi alinong'ona. "Begi lake limeshafungwa, nimelisikia."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siku ile alipovua blauzi sikuangalia, shangazi. Ya wengine naangalia, ya mwanangu ilinishinda. Nilikodolea macho karatasi, nikamchorea mgongo wa dobi, nikamchorea wa mwalimu mmoja aliyewahi kukaa kitini hapa. Wake sikuuona."

Masizi alichora mstari kwenye ubavu wa kushoto, akasikiliza. Akachora wa kulia. Akachora kiunoni, begani, akachora mpaka mgongo ukawa mweusi wote na kijiti kikamvunjikia kidoleni, na chini ya meza hakuna aliyekohoa, ila kicheko kidogo cha mtu aliyeshiba.

Binti akaingia, amevaa gauni lililonyooshwa, begi mkononi, uso unang'aa. Alimwamkia bibi yake, kisha akainama kumfuta mama yake masizi shavuni.

"Sasa unalia nini, mama? Haya, nimpe salamu zako?"