Siku Ivy Alipogeuza Dishi

Ivy akitoka shule alikuwa hashiki daftari kabla ya kumtilia Kukhu dawa ya macho. Alikuwa mtoto wa darasa la sita, mwenye mikono ya haraka, na matone mengine yalianguka shavuni. Kukhu alikunja uso kama mtoto anayekunywa dawa ya minyoo, halafu akasema, "Hiyo imeingia sikio. Sasa nitaanza kuona na masikio." Wakacheka wote wawili, kisha Ivy akaenda kuchota maji.

Huyu Kukhu Nangila, yaani bibi, alikuwa mama mzazi wa baba yake Ivy. Nyumbani kwake ni Mabanga, kule karibu na Bungoma, na alilima wimbi na njugu huko mpaka macho yakaingia ukungu, hata kuku na jiwe akawa hatofautishi. Baada ya Krismasi baba, Festus Wakoli, alimleta kwake Kibomet, hapa Kitale. Sababu ni kwamba kuna madaktari wa macho waliokuwa wanakuja mjini mara moja kwa mwaka, wanapasua watu siku moja, halafu wanaenda zao. Jina la Kukhu lilikuwa limeandikwa. Jumatano, tarehe ishirini na moja mwezi wa sita. Kukhu alihesabu siku kwa vidole kila asubuhi.

Mama yake Ivy, Phanice, naye alihesabu, lakini kwa sababu nyingine. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Alimtaka mzee apasuliwe, aende kwake.

Sasa huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na sita, mwaka wa Kombe la Dunia, na wanaume wa Kibomet walikuwa wameshikwa wazimu. Baba aliuza ndama akanunua dishi. Fundi anayeitwa Mbugua alilisimamisha nyuma ya nyumba juu ya chuma kifupi, maana mabati ya paa yalikuwa yamechoka. Alipomaliza, dishi lilikuwa limelala, linaangalia juu mbinguni kama sufuria.

"Festus, hiyo umewekea kuku maji?" jirani yao Wepukhulu akauliza, na watu wakaangua kicheko.

"Chekeni tu," fundi akasema. "Setilaiti yenyewe iko hapa juu ya utosi wetu. Ikiangalia kando, haioni kitu."

Watu wote walisikia maneno hayo, isipokuwa Ivy. Yeye alikuwa ametumwa dukani kununua sukari ya chai ya fundi.

Picha ilikuwa safi, bana, unaona mpaka jasho la mchezaji. Taabu ilikuwa mvua. Mvua ikinyesha, dishi linashika maji, na maji yakikaa humo picha inakatikakatika. Kukhu, ambaye hakujua habari ya picha, alikuwa akienda pale asubuhi kwa kupapasa ukuta, anateka yale maji kwa kikombe, ananawa miguu. Hakuna aliyemwambia kitu.

Jumamosi, siku nne kabla ya ile Jumatano ya macho, mvua ilinyesha adhuhuri. Baba alikuwa kazini kwenye stoo ya mahindi, mama alikuwa sokoni na mitumba yake, Kukhu alikuwa amelala. Ivy na ndugu yake Hesbon, wa miaka saba, walikaa kuangalia katuni. Picha ikakatika. Ikarudi. Ikakatika tena.

"Si utengeneze," Hesbon akasema. "Ile ya zamani ulikuwa unatengeneza."

Ni kweli. Zamani walikuwa na antena juu ya mti mrefu, na Ivy ndiye aliyekuwa akiuzungusha mti huo huku watu wakimpigia kelele kutoka ndani: hapo, hapo, usiguse! Antena ilitaka kuangalia upande wa kilima chenye mlingoti wa televisheni. Ivy akatoka nje akaliangalia dishi lililolala. Akasema moyoni, huyu fundi hajui kazi. Mlingoti uko kule, na yeye ameangalisha mawingu!

Akachukua spana ya baba ya baiskeli. Akalegeza bolti nne za nyuma, akashika dishi kwa mikono miwili, akaliinua, akaligeuza lielekee kilima. Maji yakamwagika yote.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Sasa je?"

"Imekuwa bluu! Ivy, imekuwa bluu yote!"

Akageuza huku, akageuza kule, jasho likamtoka. Bluu. Alipoona saa inaenda, alikaza bolti vile vile dishi lilivyokuwa limeinama, akarudisha spana, akamwambia Hesbon, "Ukisema, utaona."

Saa kumi kasorobo baba akafika na wenzake wanne wa kazini. Mechi ilikuwa saa kumi. Walikuwa wamebeba mahindi ya kuchoma na vicheko. Baba akawasha televisheni kwa madaha. Bluu. Akazima, akawasha. Bluu.

"Labda timu zote zimevaa bluu," mmoja akasema. Wengine wakacheka mpaka wakapigana makofi ya mgongo, halafu wakaondoka kwenda kutafuta kwingine. Baba alibaki mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani ameshika dishi?"

Ivy alijua fimbo ya baba ilikuwa imelala wapi. Akasikia mdomo wake unasema, "Ni Kukhu. Nilimwona."

Kukhu aliletwa kutoka chumbani akiwa bado na usingizi. "Mimi? Mimi niliteka maji tu, asubuhi. Na kikombe."

"Si asubuhi, Kukhu," Ivy akasema. Ukianza kuvuka mto wenye matope, nusu ya njia ni vigumu kurudi, na yeye akaendelea. "Ni mchana. Ulishika ile dishi ukajiinua nayo. Ulikuwa unateleza. Umesahau?"

"Nimesahau?" Kukhu akageuza uso huku na huku, akitafuta sauti ya mtoto. "Mchana nilikuwa nimelala, nafikiri. Nililala, ama?"

"Kazi yake ni kula na kuharibu," akasema mama, aliyekuwa ndio kwanza amefika kutoka sokoni. "Na sasa hata hajui alipokuwa!"

"Kukhu, kumbuka," Ivy akasema.

Kukhu aliweka mkono kwenye paji la uso kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na kukosa. Mwishowe akasema polepole, "Basi, kama mtoto ameona, labda ni mimi. Mtoto hawezi kunidanganya. Festus, nisamehe hiyo tereviseni yako."

Baba alikuwa na hasira ya kuchekwa, na hasira ya namna hiyo haiulizi maswali. Akasema kesho mama yake arudi Mabanga, Wepukhulu anaenda Bungoma, atamsindikiza.

"Na Jumatano?" Kukhu akauliza. "Macho?"

"Macho ya nini," mama akajibu kabla ya baba, "kwa mtu ambaye kichwa kimeisha?"

Baba hakusema kitu. Na huko kunyamaza kwake, watoto, nako kulikuwa jibu.

Asubuhi Ivy ndiye aliyembebea mfuko mpaka barabarani. Alitaka kusema. Akahamisha mfuko mkono mwingine. Kukhu alimpapasa kichwa akasema, "Asante kwa kunikumbusha, mjukuu. Mtu akianza kupotea ni vizuri awe na mtoto karibu wa kumwambia." Akafungua leso akampa njugu alizokuwa ameziweka. Ivy akazipokea. Akazila pia, moja moja, akiwa nyuma ya kanisa, zote zikiwa na ladha ya majivu.

Fundi Mbugua alikuja Jumanne jioni. Alizunguka dishi mara moja, akachuchumaa, akapiga mluzi.

"Nani amefungua hizi?"

"Ni mama yangu," baba akasema. "Alijishikilia hapo."

"Kujishikilia? Mzee, hii imefunguliwa na spana. Bolti zote nne, halafu zikafungwa tena vizuri. Mama ambaye anapapasa ukuta akienda choo? Huyu ni mtu mwenye macho."

Akalegeza, akalilaza dishi kama mwanzo, akaomba mtu wa kuangalia ndani. Hesbon akapiga kelele, "Imekuja!" Kazi yote haikufika robo saa. "Ilikuwa inataka kupanguswa maji tu," fundi akasema. "Ama nitoboe katundu hapa katikati yatoke yenyewe."

Lakini mama alikuwa ameshika kiuno. "Kama alifungua na spana na yeye haoni," akasema kwa sauti ya chini, "basi huyo mzee si bure. Mimi nimesema siku nyingi. Kuna kitu anatembea nacho."

Wepukhulu, aliyekuwa ameegemea ua, akaacha kutafuna muwa. Hakuna aliyetamka neno lenyewe. Halikuhitaji kutamkwa. Ivy alikuwa amesikia kule Bungoma mambo ambayo mama mzee anafanyiwa akishapewa jina hilo. Anachomewa nyumba akiwa ndani.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Ni mimi nilifungua! Nilitaka iangalie mlingoti! Kukhu alikuwa amelala!"

Baba hakwenda kuchukua fimbo. Afadhali angeichukua. Alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya kazi, akaangalia mikono yake. Ndani ya nyumba televisheni ilikuwa inashangilia bao.

Alfajiri ya Jumatano baba na Ivy walishika njia, wakafika Mabanga saa mbili. Mlango wa Kukhu ulikuwa wazi. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, na mkono wa kulia umefungwa kitambaa kichafu. Jumapili alipokuwa anatafuta sufuria kwa kupapasa, aliingiza mkono kwenye makaa. Hakukuwa na mtu wa kumwita. Kidonda kilikuwa kimetunga usaha na mwili ulikuwa moto.

Midomo yake ilikuwa inaenda. Ivy akasogea akasikia majina. Kukhu alikuwa anataja watoto wake, wa kwanza mpaka wa mwisho, hata wale wawili waliokufa wadogo, halafu anarudia.

"Mama, unafanya nini?" baba akauliza.

"Najipima," akasema. "Nimejipima siku tatu. Majina sijasahau hata moja. Ndiyo nashangaa hiyo dishi niliisahau namna gani."

Ivy akapiga magoti, akasema yote, spana, katuni, bluu. Kukhu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkemea. Aligeukia ukuta, mabega yakaanza kutetemeka, akalia bila sauti, na Ivy hakujua amshike wapi.

Walimkimbiza Kitale, matatu ikachelewa kujaa, wakafika hospitalini saa sita na nusu. Muuguzi alifungua kile kitambaa, akaweka kipimajoto, akatikisa kichwa. "Huyu ana homa na kidonda kibichi. Hawezi kupasuliwa leo. Na madaktari wanaondoka jioni. Mlete mwaka ujao."

Baba aliomba, akashika hata mkono wa muuguzi. Muuguzi akamwambia kwa upole, "Mwaka ujao, baba."

Mwaka mzima Kukhu alikaa kwao Kibomet. Mkono ulipona ukiwa na vidole viwili vilivyokunjamana. Mama, Phanice, alimwosha kila siku bila kuambiwa, na bila maneno mengi. Baba alimwambia Ivy siku moja, "Mimi ni mtu mzima, nilikuamini haraka kwa sababu nilikuwa nimechekwa. Usidhani hili ni lako peke yako." Lakini Ivy aliona ni lake.

Mwezi wa sita madaktari wakarudi. Walifungua jicho la kulia. La kushoto waliliangalia na taa, wakasema limengoja sana, limekufa ndani, haliwezi kurudi.

Bandeji ilipotolewa, Ivy alikuwa amesimama kando ya kitanda, anaogopa kutazamwa. Kukhu alimtazama muda mrefu na hilo jicho moja.

"Kukhu, umenisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ile ulipiga magoti," Kukhu akasema. "Lakini kusamehe hakurudishi jicho. Sikia, mjukuu. Ungesema ukweli Jumamosi, ungechapwa fimbo tatu, na jioni ungekuwa unakula. Fimbo inaisha uchungu. Wewe ukaikimbia ukanipa mimi nibebe. Na si hiyo dishi iliniuma. Macho nilikuwa nimezoea kuyapoteza. Nilikuwa nimebaki na kichwa changu tu, na wewe ukaniambia nacho kimeenda, nikaamini, kwa sababu ni wewe ulisema. Mtu anayekupenda ndiye rahisi zaidi kumdanganya. Kwa hivyo yeye ndiye usimdanganye kabisa."

Ivy akaitikia kwa kichwa.

"Sema na mdomo," Kukhu akamwambia. "Mdomo ndio ulianza."

"Sitakudanganya tena, Kukhu."

"Haya. Nishike mkono, huu mzima, tuende. Upande wa kushoto utakuwa wewe unaniangalilia, mpaka nife."