Nani Amesema Leo

Jumatatu ile majina ya ofisi yalihamia kwenye simu ya kila mtumishi isipokuwa simu ya Kunigunda.

Ofisi yenyewe ni ya mradi wa miche, vyumba vinne ghorofani karibu na stendi ya Mbinga. Kwa miaka mingi namba za watu wote zilikaa kwenye daftari la jalada la kijani, katika droo ya Kunigunda, katibu muhtasi. Mwaka huu makao makuu yaliamua daftari lihamie mtandaoni, kila mtu alinakili kwenye simu yake. Majina sitini na tatu. Wenzake walibonyeza mara moja wakarudi kwenye chai. Simu ya Kunigunda ilinakili majina kumi, ikafika la kumi na moja, ikasimama.

Aliitwa Jastin, fundi wa kompyuta anayehudumia ofisi tatu mjini na kuchelewa zote tatu.

"Dada Kuni, umeizima ukaiwasha?"

"Mara nne. Usiniulize kama ina chaji."

Jastin alifuta kila kitu akaanza upya. Kumi, kisha kimya. Akaingia kwa jina lake mwenyewe kwenye simu ya Kunigunda, na majina sitini na tatu yakashuka kama mahindi gunia likipasuka. Akaingia kwa jina la Kunigunda kwenye simu yake, ikakwama kwenye la kumi na moja. Akatoa stoo simu mpya, bado ina karatasi kwenye kioo. Nayo ikakwama palepale.

"Simu yako nzima," alisema. "Mtandao mzima. Orodha nzima. Kilichobaki ni mtumiaji." Akacheka peke yake. "Tatizo linakufuata wewe, dada. Uende kwa padri."

Halafu jina la kumi na moja likajitokeza, herufi kwa herufi, kama linaandikwa na mtu mwenye vidole vya baridi. *Damiano – Lituhi.*

"Huyu si alishafutwa?" Jastin aliuliza.

"Nilimfuta mimi," alisema Kunigunda. "Julai."

Damiano alikuwa bwana shamba wa mradi kule ziwani. Juni iliyopita aliondoka Lituhi kwa mtumbwi wa injini kwenda kukusanya sahihi za wanakijiji ambao barabara haiwafikii, na upepo wa mwera ukiwa umeamka. Mtumbwi ulionekana siku ya tatu, umepinduka. Yeye hakuonekana. Ofisi, ambayo haipendi maswali, iliandika barua kwamba safari ile haikuwa na kibali na kwamba mtumishi huyo ametoroka kazini. Barua ilitungwa na meneja, Bwana Raimundi, na Kunigunda akaipiga chapa bila kosa hata moja.

Kwao Damiano, mtu akipotelea majini huzikwa mgomba badala ya mwili, lakini si kabla aliyemtuma hajasimama ufukweni akamwita kwa jina. Aliyekutuma ndiye anayekurudisha. Asipokuja, msiba hauishi. Kwa hiyo Edina, mke wa Damiano, alikuwa na miezi minane kwenye mkeka, hajanyolewa, haruhusiwi shambani wala sokoni. Mara nne wakwe zake walimruhusu apande basi mpaka Mbinga kuuliza ni nani aliyemtuma mumewe. Mara nne Kunigunda alimpa kiti na chai, akamwambia Meneja yuko kikaoni.

Jumatano saa nne asubuhi mvua ilikuwa ikipiga mabati mpaka watu wanasemezana kwa ishara, na umeme ulikuwa umekatika. Simu ya Kunigunda ilitetemeka juu ya meza. Orodha ilikuwa inajaza yenyewe. Kumi na moja, ishirini, arobaini, sitini na tatu. Alishusha pumzi. Akafungua jina la Meneja ahakikishe, akakuta namba ya Damiano. Akafungua la Jastin. Namba ya Damiano. Akafungua la dereva, la mlinzi, la mama yake mzazi aliyeko Kingerikiti ambaye hata hakuwa kwenye orodha ya ofisi, na kila jina lilikuwa na namba ileile moja, ile ambayo vidole vyake vilikuwa vimeshaizoea miaka sita.

Simu ikaita. Kioo kiliandika *Meneja*. Bwana Raimundi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi, akitazama mvua.

Kunigunda alipokea kwa sababu kazi yake ni kupokea. Kwanza ulikuja upepo, ule mrefu unaotoka kusini mwa ziwa na kukaa siku tatu, kisha maji yakipiga ubavu wa mtumbwi, kisha harufu, na harufu haipiti kwenye simu lakini hii ilipita, ya kamba iliyolowa na dagaa wa usipa waliokosa jua, ikajaa chumba mpaka Meneja akageuka na kukunja pua, na ndani ya vyote hivyo sauti ya mtu anayejitahidi kusikika ikasema taratibu, kwa adabu, kama alivyozungumza siku zote:

"Dada Kuni. Mwera umeamka. Nani amesema leo?"

"Meneja," alinong'ona Kunigunda.

Laini ikakatika. Kutoka kwenye droo ya daftari la kijani maji yalianza kudondoka, tone kwa tone, juu ya kiatu chake.

Tusizunguke. Asubuhi ile ya Juni Bwana Raimundi alisema, "Mwambie Damiano azilete hizo sahihi wiki hii." Wiki hii. Kunigunda alikuwa na ruhusa ya kwenda ubarikio wa mpwa wake, na alitaka jalada lifungwe kabla hajaondoka. Akapiga simu, akasema zifuatwe leo. Damiano akasema mwera umeamka, wavuvi wote wamevuta mitumbwi juu, nani amesema leo? Naye akajibu kama wanavyojibu makatibu wote wanaotaka jambo liishe: "Meneja amesema." Maneno mawili. Mtumbwi ukasukumwa.

Tangu hapo alimchukia Raimundi kwa moyo wote, na chuki hiyo ilimsaidia kulala.

Bwana Raimundi aliposikia habari za simu aliamua mara moja kwamba ni jini la ziwani. Jini lilimfaa sana. Jini halina barua ya ajira wala mjane. Ijumaa akamleta mganga kutoka Lituhi, Bibi Hildegardi, aliyeshuka kwenye bodaboda na mkoba wa kanisani, akapanda ngazi bila kushikwa mkono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ninyi ndio mnaoogopa simu?"

Alinusa droo, akachovya kidole kwenye maji, akakilamba. "Ya kwetu haya." Akaomba asimuliwe sauti inasema nini. Kunigunda alimwambia, macho yakiwa kwenye kibodi.

"Majini nayajua," alisema Bibi Hildegardi. "Jini linataka ubani, linataka damu, linataka marashi. Huyu hataki kitu. Anauliza. Anayeuliza ni mtu. Sasa nani alimtuma?"

Chumba kizima kilimtazama Raimundi. Alilegeza tai.

"Bibi, Mungu shahidi. Mimi nilisema wiki hii."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwake tangu Juni, na halikumsaidia mtu. Bibi Hildegardi hakumtazama yeye. Alimtazama Kunigunda, muda mrefu wa kutosha chai kupoa.

"Basi aliyesema leo aje kesho ufukweni."

"Ofisi itatuma mwakilishi," alisema Raimundi.

Mwakilishi alikuwa Kunigunda.

Lituhi, Jumamosi mchana, ziwa lilikuwa limelala kama halijawahi kumdhuru mtu. Shimo lilikuwa tayari, mgomba umefungwa sanda. Edina alitolewa nje akishikwa mabega, macho yakiumizwa na jua. Alipomwona Kunigunda alimshika mikono yote miwili.

"Asante dada. Katika ofisi ile nzima, wewe peke yako ulinipa kiti."

Bora angempiga.

Bibi Hildegardi alimsogeza Kunigunda mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. "Mwite kwa jina lake, useme na lako. Useme ulichomwambia. Basi."

"Damiano," aliita Kunigunda. "Ofisi inakuita."

Maji hayakutikisika.

"Ofisi haina koo," alisema Bibi Hildegardi kwa sauti ya chini. "Sema wewe."

Kunigunda aligeuka. Edina alikuwa amesimama na viganja wazi kifuani, akingoja, na usoni alikuwa na shukrani ambayo mtu hawezi kuivunja mbele ya watu hamsini, mchana, akiwa ameshika viatu vya kazini mkononi, na neno lilifika kwenye ulimi, likakaa pale likiwa zito na chungu kama kwinini, na yeye akalimeza.

"Damiano. Meneja anakuita. Rudi."

Wimbi moja dogo lilikuja, likagusa miguu yake, likarudi. Wanawake wakaanza kulia. Watu walikuwa wamechoka na msiba wa miezi minane. Hakuna aliyetaka kuuliza zaidi. Mgomba ukazikwa, Edina akanyolewa, ugali na samaki mbasa vikaliwa. Bibi Hildegardi peke yake hakunawa. Alimpita Kunigunda akielekea kwake, na hakusimama.

"Umemtuma mara ya pili," alisema.

Jumatatu majina sitini na tatu yalishuka bila kukwama, kila jina na namba yake. Jastin aliandika kwenye fomu kwamba tatizo limeisha lenyewe, akaomba sahihi. Droo ilikuwa kavu.

Saa nne simu iliita. Namba ya Edina, ambaye Kunigunda alimpa ya kwake wakati wa kuagana.

"Dada Kuni, samahani kwa usumbufu." Sauti ilikuwa ya Edina kweli, ya mtu aliyelia akamaliza. "Kaburi limejaa maji. Limejaa usiku, mvua haikunyesha. Mgomba unaelea. Wakwe wamenirudisha kwenye mkeka. Wanasema aliyeita siye."

Kulikuwa na upepo. Mwanzoni Kunigunda alidhani ni upepo wa kule, wa Lituhi, upande wa Edina, kisha akaona karatasi za mezani kwake zinainuka pembe moja baada ya nyingine ilhali madirisha yote yamefungwa, na harufu ya kamba iliyolowa ikaja ikasimama nyuma ya kiti chake, karibu kabisa, karibu kiasi kwamba kitu cha baridi kilimdondokea shingoni.

Edina alitega sikio.

"Dada, huyo anayeongea hapo kwako ni nani? Anauliza kitu. Anauliza nani amesema."

Chini ya meza ya Kunigunda maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Ni Meneja," alisema Kunigunda.

Yakapanda.